Usiku wa Filamu Kwenye Baa: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kibali Hadi Kuzima Projekta

Baa nyingi za Dar es Salaam tayari zina karibu kila kitu kinachohitajika ili kuonyesha filamu: ua wenye viti, ukuta mrefu, spika, jiko, wahudumu, na wateja waliozoea kukaa saa tatu mahali pamoja. Kinachokosekana ni utaratibu. Nimeandaa maonyesho ya namna hii kwa miaka kadhaa, katika ua wa baa yenye meza kumi na nane, na jambo nililojifunza mapema kuliko yote ni kwamba mteja wa baa husamehe picha hafifu, husamehe kiti cha plastiki na husamehe hata mbu, lakini hasamehe mazungumzo ya filamu yasiyosikika. Akikosa maneno kwa dakika tano huanza kuongea na jirani yake, jirani humjibu, na robo saa baadaye baa imerudi katika hali yake ya kila siku huku picha zikipita ukutani bila mtazamaji. Kwa sababu hiyo, karibu kila uamuzi ulio hapa chini, hata ule wa kupika nini na kuandaa siku gani, unalenga kuyalinda maneno yanayotoka kwenye spika.

Maelezo haya yanafaa kwa ua wa wazi au ulioezekwa nusu, wenye wageni kati ya 40 na 80. Pale ambapo sheria za Kenya zinatofautiana na za Tanzania, nimezitaja.

Hatua ya kwanza: pata ruhusa kabla ya kutangaza

Kununua diski ya filamu, au kulipia huduma ya kutazama filamu kwa intaneti, hukupa haki ya kuitazama nyumbani kwako. Hakukupi haki ya kuionyesha mbele ya wateja wanaonunua vinywaji, hata kama kiingilio ni bure, kwa kuwa baa ni mahali pa umma na onyesho hilo linakusaidia kufanya biashara. Katika Tanzania kuna milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni wa mwenye filamu, ambaye haki yake inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Wa pili ni wa Bodi ya Filamu, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Katika Kenya kazi ya ukaguzi na kupanga madaraja ya umri hufanywa na KFCB, bodi ya filamu ya nchi hiyo, chini ya Sura ya 222 ya sheria zake, na masuala ya hakimiliki yako chini ya KECOBO, bodi ya hakimiliki.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kumwandikia mtayarishaji wa filamu ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Mweleze ni baa gani, ina viti vingapi, ni usiku mmoja au miwili, kutakuwa na kiingilio au hakutakuwa nacho, na utamlipa kiasi gani au utagawana naye mapato kwa utaratibu upi. Watengenezaji wetu wengi hawana kumbi za kutosha za kuonyeshea kazi zao, na barua yenye maelezo kamili hujibiwa haraka kuliko ujumbe wa mistari miwili. Omba jibu la maandishi linalotaja tarehe, kisha lihifadhi kaunta pamoja na leseni ya baa, kwa sababu mkaguzi akija usiku wa onyesho hatakuwa na muda wa kusubiri upekue simu yako. Ukipata nafasi, mwalike mtengenezaji mwenyewe akae na wageni. Nimeona mauzo ya usiku kama huo yakizidi ya usiku mwingine wowote, kwa kuwa watu hubaki kumuuliza maswali.

Hatua ya pili: chagua siku na saa

Mshindani wako mkubwa ni mpira wa miguu. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri kwa saa za London huanza kwetu saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni, kutegemea kama Waingereza wamesogeza saa zao mbele, na zile zinazoanza saa kumi na moja na nusu za kwao hutufikia saa moja na nusu au saa mbili na nusu usiku. Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo, si siku za filamu. Jumanne na Jumatano huwa na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, ambayo mechi zake nyingi huanza kwetu saa nne au saa tano usiku, na wateja wake huingia mapema kuwahi viti na hutaka televisheni ziwashwe. Baada ya kujaribu siku zote nimebaki na Jumatatu na Alhamisi, ambazo kwa baa nyingi ni siku baridi, na hapo ndipo onyesho linapokuwa na faida ya kweli, kwa sababu linaleta wateja katika usiku ambao viti vingekuwa vitupu. Angalia pia ratiba ya ligi ya nyumbani. Siku ya Simba na Yanga usiandae chochote.

Jua la Dar es Salaam huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 50 mwaka mzima, na nusu saa baadaye giza linatosha kwa projekta. Hata hivyo mimi sianzi mapema hivyo. Wageni wengi wanatoka kazini na wako barabarani, adhana ya Isha ya msikiti wa mtaa huwa bado haijapigwa au ndiyo inapigwa, na jiko linahitaji muda wa kutoa vyakula vizito. Saa mbili kamili usiku ni wakati mzuri. Filamu ya dakika 100 yenye mapumziko ya robo saa itakwisha saa nne kasoro dakika tano, na mgeni anayetegemea daladala bado ataipata. Katika Kenya muda huo unaingia vizuri ndani ya saa za kawaida za kuuza vileo zilizowekwa na sheria ya mwaka 2010, ambazo hukoma saa tano usiku. Kwenye tangazo andika nyakati mbili tofauti, wa mlango kufunguliwa na wa filamu kuanza, kisha uheshimu wa pili hata kama viti kumi bado havijajaa.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni bora kupumzika kama ua wako hauna paa. Wakati wa vuli endelea, ila uwe na sehemu ya ndani ambako projekta inaweza kuhamishiwa kwa dakika kumi.

Hatua ya tatu: chagua filamu inayoivumilia baa

Filamu nzuri inaweza kuwa mbaya kwa baa. Epuka zinazozidi saa mbili, na epuka zile ambazo picha zake nyingi ni za usiku, kwa kuwa ua hauna giza kamili na watazamaji wa nyuma wataona weusi mtupu. Filamu inayozungumzwa kwa Kiswahili ina faida kubwa: mtu anaweza kuinama kuchukua mshikaki na bado akafuata kisa kwa masikio. Filamu yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha humlazimu mtazamaji asiondoe macho hata kidogo, na vichwa vya walioketi mbele mara nyingi huziba maandishi hayo. Ukiamua kuionyesha, pandisha skrini ili ukingo wake wa chini uwe juu ya kimo cha mtu aliyeketi. Filamu ya Kenya Supa Modo ya mwaka 2018, kwa mfano, ina dakika 74 tu, na urefu wa aina hiyo unaiachia baa muda mpana wa kuuza kabla na baada.

Hatua ya nne: picha

Nguvu ya mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni, lakini kinachofika machoni ni lumeni hizo zikiwa zimegawanywa kwa eneo la skrini. Projekta ya lumeni 3,000 kwenye skrini yenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.7, yaani mita za mraba 5.1, hutoa takriban lumeni 590 kwa kila mita ya mraba. Ukiongeza upana hadi mita 6 kwa kutamani skrini ya sinema, eneo linakuwa mara nne na mwanga unashuka hadi chini ya 150, na picha inapauka. Wanaoanza wengi hukosea hapa. Skrini ndogo yenye mwanga mkali hupendeza kuliko kubwa iliyofifia. Kwa kimo cha mita 1.7, meza ya mwisho isizidi mita kumi hivi kutoka kwenye skrini, ambayo ni mara sita ya kimo chenyewe.

Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko kitambaa. Upepo wa jioni wa pwani hugeuza kitambaa kuwa tanga, na nimewahi kuona fremu ya mbao ikiangukia meza mbili kwa sababu ilifungwa juu tu bila kufungwa chini. Kama huna ukuta, kaza pembe zote nne pamoja na katikati ya kila upande.

Kisha uwinde mwanga usiohitajika. Zima televisheni zote. Friji za vinywaji zenye milango ya kioo zina taa kali ambazo watu husahau kabisa: zizime taa hizo bila kuzima ubaridi, au zifunike kwa kanga nzito, ukiacha nafasi ya hewa nyuma. Acha taa hafifu kwenye ngazi, kwenye njia ya msalani na kaunta, zote zikiwa zimeelekezwa chini.

Hatua ya tano: sauti

Spika za baa kwa kawaida zimefungwa kwenye pembe zote za ua ili muziki usambae. Mpangilio huo huua filamu. Sauti hutembea takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliyeketi mita 17 kutoka kwenye spika za mbele hulisikia neno lake sehemu moja ya ishirini ya sekunde baada ya kulisikia kutoka spika ya pembeni mwake, na maneno hayo mawili hugongana na kuwa ukungu. Zima spika za nyuma. Weka mbili mbele, kila upande wa skrini, juu kidogo ya vichwa vya walioketi, zikielekezwa kwenye meza ya katikati, si angani. Ua ukiwa mrefu sana, ongeza mbili ndogo katikati, na ucheleweshaji wake uwekwe kwenye miksa ili sauti ya mbele na ya katikati zifike pamoja.

Usitumie bluetooth. Huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde inayotosha kuifanya midomo iyatangulie maneno, na mtazamaji atakereka hata kama hawezi kusema nini kimemkera. Kebo ya kawaida kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye miksa inatosha.

Tatizo linalowasumbua wengi bila wao kujua chanzo chake ni hili: muziki wa filamu na milio ya magari vinasikika kwa nguvu, ilhali wahusika wananong'ona. Filamu nyingi hurekodiwa kwa sauti ya njia sita, na mazungumzo huwekwa hasa kwenye njia ya katikati. Baa yenye spika mbili inapopokea sauti hiyo bila kuibadilisha, njia ya katikati inaweza kupotea pamoja na maneno yake. Fungua mipangilio ya sauti ya kompyuta au ya programu unayochezea filamu na uiagize itoe sauti ya stirio, ili njia zote zichanganywe katika mbili. Baada ya hapo punguza besi. Besi nyingi hufunika konsonanti, nazo ndizo zinazobeba maana ya neno, na besi hiyohiyo ndiyo inayovuka ukuta na kumwamsha mtoto wa jirani. Maneno yakiwa wazi hutahitaji sauti kubwa.

Sasa geukia kelele za baa yenyewe, kwa kuwa huwezi kuzishinda kwa kuongeza sauti. Keti kwenye meza ya mwisho, fumba macho, na uhesabu unachosikia. Katika ua wangu nilihesabu vitano: panga la kukatia nyama likigonga gogo, blenda ya juisi, kreti zikiburutwa sakafuni, friji moja nzee inayonguruma kila ikijiwasha, na jenereta. Gogo tulilihamishia nyuma ya jiko, na nyama yote hukatwa kabla ya saa mbili. Blenda haifanyi kazi filamu ikiendelea, na jambo hilo limeandikwa kwenye menyu. Kreti hubebwa na watu wawili. Friji tuliisogeza mbali. Jenereta ilijengewa kibanda chenye matundu ya hewa yanayotazama barabarani, gharama iliyoniuma, lakini bila kibanda hicho usiku wa umeme kukatika ungekuwa usiku wa kurudisha fedha za watu.

Hatua ya sita: chakula, vinywaji na malipo

Filamu hubadilisha mwendo wa mauzo. Mteja wa kawaida huagiza kidogokidogo usiku kucha, ilhali mtazamaji huagiza kwa vishindo vitatu: kabla ya kuanza, wakati wa mapumziko, na baada ya mwisho. Wahudumu wanaotosha siku ya kawaida hawatatosha katika dakika 15 za mapumziko. Ongeza wawili, na jaza bia na soda nyingi kwenye friji tangu mchana.

Panga menyu kwa kufikiria giza. Samaki mzima hafai kuliwa gizani kwa sababu ya miiba, na nyama choma inahitaji kuonekana, kwa hiyo oda za vyakula hivyo zifungwe saa moja na nusu na sahani zake ziondolewe kabla ya taa kuzimwa. Baada ya hapo toa vile vinavyoliwa kwa mkono mmoja bila kelele: mishikaki iliyotolewa kwenye vijiti, chipsi, sambusa, korosho, mihogo ya kukaanga. Chupa zifunguliwe kaunta. Zilizokwisha zikusanywe kabla ya kuanza na wakati wa mapumziko, maana chupa tupu ikianguka kwenye sakafu ya saruji huvunja tukio lolote lililokuwa likiendelea kwenye skrini.

Kuhusu kuagiza wakati wa filamu, nimeiga utaratibu uliojulikana katika Alamo Drafthouse, sinema za Marekani zilizoanzia Austin mwaka 1997, ambako watu hula na kunywa wakiwa wametulia mbele ya skrini. Kila meza ina karatasi ndogo na penseli. Anayetaka kitu huandika, husimamisha karatasi hiyo ukingoni mwa meza, na mhudumu hupita akainama kuichukua bila neno. Wateja wangu walilicheka jambo hili usiku wa kwanza, na usiku wa tatu walikuwa wakiwafundisha wageni wapya. Wahudumu wapite pembeni tu, wasikatize mbele ya mwanga wa projekta, na wasivae viatu vyenye visigino vigumu.

Malipo yasisubiri mwisho, kwa kuwa watu 60 wakiomba bili kwa pamoja, mmoja atasahaulika na mwingine ataondoka. Tangaza kwamba bili za nusu ya kwanza hufungwa wakati wa mapumziko, taa zikiwa zimewashwa, na weka lipa namba iliyochapishwa kwenye kila meza. Kwa kiingilio, napendelea tiketi inayojumuisha kinywaji kimoja, kiwe bia au soda kwa bei ileile. Anayekunywa soda asihisi kwamba usiku huu si wake.

Hatua ya saba: majaribio ya siku moja kabla

Weka filamu kwenye kompyuta na kwenye flashi mbili. Flashi nyingi huja zikiwa zimepangiliwa kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi faili ambao haukubali faili linalofikia GB 4, na filamu yenye picha safi hupita kiasi hicho kirahisi. Ipangilie upya kwa mfumo wa exFAT kabla ya kunakili, ukikumbuka kwamba hatua hiyo hufuta kila kilichomo. Tazama dakika tano za mwanzo, tano za katikati, na kumi za mwisho. Hizo za mwisho ndizo nisizoziacha kamwe, kwa sababu faili lililokatika wakati wa kunakiliwa hucheza vizuri hadi pale linapokoma. Tafuta pia mahali pa kusimamisha kwa mapumziko, mwishoni mwa tukio na si katikati ya maneno, na uandike dakika yake.

Ziunganishe projekta na kompyuta kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba. Umeme ukikatika, projekta ya balbu huzimika ikiwa ya moto bila feni yake kuipoza, jambo linalofupisha maisha ya balbu. UPS ya kawaida itaishikilia kwa dakika chache, muda unaomtosha kijana wa jenereta kufanya kazi yake. Zima pia arifa zote za kompyuta na usasishaji wake wa kujiendesha.

Hatua ya nane: usiku wenyewe

Saa kumi na mbili jioni washa dawa ya mbu chini ya meza na kando ya kuta, mbali na projekta, kwa kuwa moshi wake huonekana kama wingu ndani ya mwanga. Saa mbili kasoro dakika tano mtu mmoja asimame mbele, awasalimu wageni, aseme filamu ina urefu gani, mapumziko ni lini, vyoo viko wapi na karatasi za kuagizia hutumikaje. Dakika mbili zinatosha. Taa zizimwe kwa awamu, za mbele kwanza, ili watu wamalize sentensi zao wenyewe.

Kuhusu wanaoongea, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Watazamaji wetu wamelelewa kwenye mabanda ya video, ambako msimuliaji kama Lufufu alikuwa akiwatafsiria na kuwachekesha juu ya sauti ya filamu, na ukumbi mzima ulimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Mtu anayeiambia skrini "usiingie humo!" yumo ndani ya filamu kuliko mwingine yeyote, na kumnyamazisha ni kukosea. Anayepokea simu na kujadili bei ya mabati ni jambo jingine. Huyo mhudumu amwendee kwa heshima, amnong'oneze, "Samahani kaka, naomba nikuandalie meza ya kule mbele ya baa uzungumze kwa nafasi," na kinywaji chake kimfuate huko. Usimkemee mbele za watu.

Filamu ikiisha, subiri majina yapite kwa dakika moja kabla ya kuwasha taa, kisha rudisha muziki wa chini unaoruhusu mazungumzo. Waache wageni wabishane kuhusu mwisho wa kisa, na huo ndio wakati wa kishindo cha tatu cha mauzo. Uwe umezungumza mapema na madereva wa bajaji na bodaboda unaowafahamu, wawe mlangoni saa nne, na uwaeleze wahudumu kwamba mgeni aliyelewa haondoki akiendesha gari, na kwamba dada aliyekuja peke yake asindikizwe hadi kwenye usafiri wake.

Projekta izimwe kwa kitufe chake na iachwe kwenye umeme hadi feni inyamaze yenyewe. Ukiichomoa kwa haraka ya kufunga, utaidhuru balbu kwa namna ileile ambayo UPS ilinunuliwa kuizuia. Kebo zikunjwe kwa mizunguko mipana, zisizungushwe kwenye kiwiko. Kabla ya kuondoka, fungua daftari na uandike vitu vinne: idadi ya wageni, mauzo ya kila kishindo, dakika ambayo watu walianza kuongea, na meza iliyosema haisikii.